Mizinga ya Babu, Mizinga ya Jeshi

Mti ulikuwa umezungushiwa mkanda wa rangi nyeupe, usawa wa kifua. Niliuona. Ilikuwa saa nane usiku, mvua inanyesha, tumeendesha malori tangu magharibi, na ule mti ndio uliokuwa umekaa vizuri kwa kufungia kamba ya wavu wa kufichia gari. Nikafunga. Asubuhi sajenti wangu alipopita kukagua magari alisimama mbele yake, akakaa kimya, kisha akaniambia nifungue kamba, niondoe lori, na niwaamshe wenzangu wote waliolala karibu. Watu 14 na malori 6 tukahama kwa sababu ya ndege ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja.

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimetoka Tabora kuja Marekani kusoma, nikajiunga na jeshi lao kupitia MAVNI, mpango ulioanza 2009 wa kuwachukua wageni wenye lugha ambazo jeshi linazihitaji. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Nikapelekwa Fort Bragg, North Carolina, kambi yenye ekari zaidi ya 160,000 na wanajeshi wapatao 50,000, nyumbani kwa Divisheni ya 82 ya wanajeshi wa parashuti. Akilini mwangu nilikuwa nimekuja kwenye vifaru, ndege na mizinga. Hakuna aliyeniambia kwamba nitaamshwa alfajiri kumpisha kigong'ota.

Mizinga. Hilo neno lilikuwa likinirudisha nyumbani kila niliposikia mlipuko. Kwetu Sikonge, kwa babu mzaa mama, mzinga ni gogo lililochongwa ndani likawa wazi, au gome lililoviringishwa na kushonwa, likatundikwa juu ya mti ili nyuki waingie. Babu alikuwa nayo zaidi ya 60, imetawanyika kwenye miyombo mwendo wa siku mbili kutoka kijijini. Fort Bragg mizinga ni ile mingine, inayotikisa vioo vya nyumba za Fayetteville, mji wa jirani, usiku. Nilichukua miaka kuona kwamba misitu inayozunguka mizinga hiyo ya aina mbili ina siri moja.

Nianze na huyo ndege, maana ndiye aliyenifungua macho. Ni mdogo, mweusi na mweupe, na shavu jeupe. Wamarekani wanamwita kwa jina la uzi mwekundu ulio kichwani mwa dume, uzi ambao hata ukiwa na darubini ni shida kuuona. Vigong'ota wengine hutoboa miti iliyokufa kwa sababu ni laini. Huyu hutoboa msonobari ulio hai, tena mzee, wa miaka 80 na kuendelea, ambao mara nyingi moyo wake umeanza kulainishwa na kuvu. Tundu moja huweza kumchukua miaka kadhaa. Akimaliza, hudonoa vijitundu kuzunguka mlango ili utomvu utiririke, na aendelee kudonoa kila siku usikauke. Utomvu huo unashuka kwenye gome, mweupe, mzito, unanata. Nyoka anayependa mayai akijaribu kupanda, magamba yanamganda, anarudi chini. Siku niliyoruhusiwa kusogea na kuugusa ule utomvu, harufu yake ilikaa kwenye vidole vyangu hadi jioni.

Na wanaishi kifamilia. Vijana wa kiume wa mwaka uliopita hawaondoki. Wanabaki kuwasaidia wazazi kulalia mayai na kuwalisha wadogo zao. Kwa mtu aliyelelewa na wajomba, hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Sasa, kwa nini ndege huyo amejazana kwenye uwanja wa vita vya mazoezi? Misonobari ya majani marefu iliwahi kufunika takribani ekari milioni 90, kutoka Virginia hadi Texas. Ikachomwa na kugemwa kwa ajili ya lami na tapentaini za kuzibia meli za mbao. Ndiyo maana watu wa North Carolina hadi leo wanaitwa wenye visigino vya lami. Iliyobaki ikapasuliwa mbao. Iliyonusurika hapo ikanyimwa moto, nitalieleza hilo. Kilichobaki kilifika kama asilimia 3 tu ya eneo la awali. Jeshi lilichukua ardhi hii ya mchanga mwaka 1918 kwa ajili ya kufundishia kupiga mizinga. Nje ya uzio watu walijenga, wakalima, wakatengeneza viwanja vya gofu. Ndani, hakuna mtu angejenga nyumba mahali makombora yanapoangukia. Msitu ukabaki.

Lakini kubaki si kutunzwa. Ndege aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1970, na mwaka 1990 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ililiambia jeshi kwamba shughuli za Fort Bragg zinauweka uhai wake hatarini. Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya 1973 inambana hata mwenye bunduki. Maeneo makubwa yakawekewa vizuizi vya mazoezi. Wazee waliokuwepo walinisimulia uchungu wa miaka ile: kikosi kinajiandaa kwenda vitani, na hakiruhusiwi kuchimba handaki kwa sababu mti wa jirani una tundu. Pale karibu na mti wenye mkanda mweupe, kama mita 60 kuuzunguka, huruhusiwi kupiga kambi, kuchimba, wala kukata tawi. Kupita kwa miguu sawa. Mimi nilikuwa nimelala pale na lori la tani tano.

Nilipopandishwa cheo kuwa sajenti, kamanda wa kombania aliniteua kuwa mwenye dhamana ya mazingira. Kila kombania ina mtu huyo. Sikuomba, na sidhani kama kuna anayeomba. Nikapewa kozi, faili nene, na makarai.

Makarai haya niyaseme, maana watu wakisikia jeshi linatunza mazingira hufikiria mambo makubwa ya kukata utepe. Kila gari la jeshi likiegeshwa, chini ya injini linawekwa karai la kukinga mafuta. Kila gari, kila mahali, hata porini. Lori kuukuu linadondosha tone moja kila baada ya dakika chache. Zidisha kwa magari mia tatu ya kikosi kimoja, kwa miaka mia moja, juu ya mchanga ambao maji yanapita kama kwenye chujio. Tatizo ni mvua. Ikinyesha usiku karai linajaa, mafuta yanaelea juu kwa rangi za upinde wa mvua, na askari kijana mwenye usingizi anainama, anashika kingo mbili, anageuza. Sekunde tatu. Nilimkuta mmoja akifanya hivyo, na sikuwa na ukali wa kumpa, kwa sababu nilimwelewa kabisa. Tulichukua koleo tukachimba ule mchanga pamoja, tukaufuata mpaka rangi yake iliporudi kuwa ya kawaida, tukaujaza kwenye mifuko na kuuandikia lebo. Mifuko tisa. Kwa karai moja. Baada ya hapo sikuwahi tena kumhutubia mtu kuhusu makarai. Nilikuwa nawaambia tu kuhusu ile mifuko tisa.

Kupitia kazi hiyo nikafahamiana na mzee mmoja wa kitengo cha misitu cha kambi, raia, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nilimwita Mzee kwa Kiswahili, akalipenda. Siku moja mwezi wa tano aliniambia nije nione wanavyochoma.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesoma sekondari Iringa, na kule Sao Hill niliona mashamba ya misonobari yenye barabara pana za kuzuia moto na walinzi juu ya minara. Moto ulikuwa adui namba moja, na kwa misonobari ile ni sawa, ukiwaka imekwisha. Hapa watu waliovaa mashati ya manjano walikuwa wanatembea kwa safu ndani ya msitu waliokuwa wanalipwa kuulinda, kila mmoja na kopo la mchanganyiko wa dizeli na petroli lenye mdomo mrefu na utambi unaowaka, wanadondosha moto kwenye nyasi. Walianzia upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Ulikuwa moto wa magotini. Unatembea, unanong'ona, unakula majani makavu na vichaka vya mwaloni, unapita chini ya msonobari wenye gome nene, unaendelea. Kuzunguka miti yenye matundu walikuwa wamekwisha kufyeka na kuondoa majani makavu, kwa sababu utomvu ule unaomzuia nyoka unawaka kama petroli.

Mzee akanionyesha kishungi cha nyasi ndefu, akaniuliza ni nini. Nikasema nyasi. Akapiga goti, akatenganisha majani kwa vidole. Katikati palikuwa na kichipukizi cheupe kama fedha, kinene kama kidole gumba. Ulikuwa msonobari. Mche wa mti huu hukaa hivyo kwa miaka, haurefuki, unapeleka nguvu zote kwenye mzizi. Moto ukipita unaunguza ncha za majani, na maji yaliyomo kwenye majani yanakilinda kichipukizi. Usipopita, miti mingine inaufunika, unakufa kwa kukosa jua. Nyasi za pale nazo hazitoi mbegu vizuri mpaka ziungue majira ya joto. Wanachoma kila eneo takribani kila miaka 3, theluthi moja ya msitu kila mwaka. Kwa miongo kadhaa Wamarekani waliamini kuzima kila moto ndiyo kupenda msitu, na kwa imani hiyo waliua misonobari mingi ambayo shoka halikuifikia.

Usiku ule nilimpigia Babu. Ilikuwa asubuhi na mapema kwake. Nikamweleza kwa furaha kama mtu aliyegundua jambo: Babu, huku Wazungu wanachoma msitu ili upone. Akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Wanachoma mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia. Akauliza nyasi zilikuwa na ubichi kiasi gani, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Aliuliza maswali yale yale niliyomsikia Mzee akiwauliza vijana wake kabla hawajawasha. Na hapo ndipo niliponyamaza mimi. Kila mwaka utotoni, mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na maji ndani, Babu alituchukua kwenda kuchoma chini ya miti yenye mizinga, moto mdogo, wa polepole. Ule wa mwezi wa tisa ukija, mkali, unaopanda hadi kwenye matawi na kuunguza nyuki ndani ya magogo, ulikuta hakuna cha kula. Shuleni tulifundishwa kwamba wanaochoma misitu ni wajinga. Nilikaa darasani nikimwonea Babu aibu. Nilibeba aibu hiyo mpaka North Carolina, na ilibidi mtu mwenye sare na bajeti ya jeshi la Marekani anifundishe alichokuwa anajua mzee asiyevaa viatu.

Kuna kipepeo pale ambaye naona hadithi yake ingewafaa wote wanaopanga mambo ya hifadhi. Ni wa kahawia, mdogo, ana madoa kama macho kwenye mbawa, anaishi kama siku nne akishakuwa mkubwa. Aligunduliwa Fort Bragg mwaka 1983, na hajulikani kuishi kokote kwingine duniani. Wakati fulani ilidhaniwa ametoweka kabisa, kisha akapatikana tena mwaka 1992. Makao yake makubwa yako ndani ya eneo linaloangukiwa na makombora. Watafiti, akiwemo Nick Haddad aliyemfuatilia kwa miaka mingi, mwanzoni walifanya ambalo yeyote kati yetu angefanya: walimlinda, wakaepusha moto na maji visimguse. Akazidi kupungua. Anakula ndago zinazoota mahali penye majimaji na jua, na mahali hapo hupatikana pale mnyama aitwaye biva anapoziba kijito na kuua miti kwa mafuriko, au moto unapopita. Makombora yalikuwa yanawasha moto, moto ulikuwa unafungua mabonde. Vipepeo kadhaa walikufa kila mara, na kizazi kikaendelea. Watafiti wakabadilika, wakaanza kukata miti na kutengeneza vibwawa vya bandia, na idadi ikapanda.

Sisemi kombora ni zuri. Nimeona yanachofanya mahali pasipo vipepeo. Nasema ardhi ile ilizoea misukosuko kabla ya sisi sote, na aliyeifungia ndani kama mgonjwa aliiumiza.

Jambo jingine lililonigusa ni la majirani. Ndege hajui uzio. Wenye misitu nje ya kambi walikuwa wanakata misonobari yao mapema, kabla haijazeeka, kwa hofu kwamba ndege akihamia, sheria itawanyang'anya matumizi ya ardhi yao. Sheria iliyotungwa kumwokoa ikawa inawafanya watu wamnyime nyumba. Mwaka 1995 eneo hilo likaanzisha makubaliano ya kwanza ya aina yake nchini: mwenye ardhi akitunza msitu na ndege wakaongezeka juu ya idadi aliyoanza nayo, hatadaiwa kwa ile ziada. Hoteli ya gofu ya Pinehurst ndiyo iliyotangulia kusaini. Jeshi nalo, likishirikiana na shirika la The Nature Conservancy, likaanza kugharamia ununuzi wa ardhi na haki za kutoijenga nje ya kambi, ili ndege wapate pa kwenda na vizuizi vya ndani vipungue. Mafundi wakawa wanapanda kwenye misonobari michanga wakiwa na misumeno, wanatoboa na kupachika visanduku vya mbao vyenye tundu, kazi ya miaka ikaisha kwa saa moja. Lengo lilikuwa familia 350. Lilifikiwa mwaka 2006, miaka 5 kabla ya muda uliopangwa, na vizuizi vingi vya mazoezi vikaondolewa. Oktoba 2024 ndege huyo alishushwa daraja nchini kote, kutoka aliye hatarini kutoweka hadi aliye kwenye tishio.

Watu huniuliza kama jeshi lilifanya hivyo kwa mapenzi. Lilifanya kwa sababu ya sheria, kisha likaona faida yake, na baadaye wakatokea ndani yake watu waliopenda kweli. Kwangu mpangilio huo hauna ubaya wowote. Sina imani na hifadhi inayosubiri watu wapende kwanza.

Wala sitaki msomaji adhani kambi ya jeshi ni bustani. Povu la kuzimia moto wa mafuta ya ndege, lililotumika kwa miongo kwenye kambi nyingi za Marekani, lina kemikali zisizooza, na limeingia kwenye maji ya visima ya watu wanaoishi jirani. Kwa hilo hakuna karai wala koleo. Mafuta yanayochomwa na ndege za mazoezi ya wiki moja yanazidi kila nilichokinga maishani mwangu. Mwezi wa sita 2022 nilisimama ukingoni mwa ziwa la Big Muddy, Camp Mackall, kambi ya mazoezi iliyo chini ya Fort Bragg, kutazama paneli za umeme wa jua zinazoelea juu ya maji, megawati 1.1 na betri zake, za kuwasha taa za mazoezi umeme wa gridi ukikatika. Ni kazi nzuri. Lakini tukio lililokusanya wageni na kamera lilikuwa hilo, na wale wenye mashati ya manjano sikuwahi kuona wanapigwa picha.

Niliacha jeshi mwaka uliofuata, ule ule kambi ilipobadilishwa jina kuwa Fort Liberty. 2025 jina la Bragg likarudishwa. Misonobari haikuambiwa. Kabla ya kuondoka nilikwenda kukitafuta kile kishungi cha nyasi kando ya barabara ya moto. Kilikuwa kimenyanyuka, kimefika kiunoni, majani yote juu kama brashi ya kusafishia chupa, bila tawi hata moja.

Mwezi wa sita nikawa Sikonge. Babu haoni vizuri siku hizi, na mizinga imebaki 20 na ushee. Wajomba walikuwa wamechukua kibali cha kuchoma kutoka serikali ya kijiji. Tulitembea asubuhi nzima, Babu ameshika bega langu. Tulipofika kwenye mti wa kwanza aliinama akachuma unyasi, akaukunja mara mbili karibu na sikio kusikiliza kama unavunjika. Haukuvunjika. Akaokota mchanga, akaumwaga polepole, akaniuliza vumbi linaelekea wapi. Nikamwambia linaelekea mtoni. Akatoa kibiriti mfukoni, akakitikisa, akanipa.

"Basi anzia mtoni," alisema, "urudi huku kwetu."